Mama Primus Mbele ya Mgeni Rasmi

Lukresia, ambaye sote tulimwita Mama Primus, hakujiunga na klabu yetu ya wasemaji kwa sababu ya kazi. Wengine shida zetu zilikuwa zinaeleweka. Miaka ile viwanda vya Moshi vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wazima waliozoea kuitwa na king'ora walijikuta wanafanya usaili mbele ya vijana wa kuwazaa. Kila mwenye mdomo akaona huo ndio mtaji uliobaki. Kuna waliotaka kuwa MC wa harusi, kuna waliovizia semina za wafadhili, zile za chai na posho. Mimi, Pamela, nilikuwa na saluni mtaa wa Pasua na nilitaka tu kuacha kutetemeka mbele ya wateja wa Kiingereza. Basi kila Jumamosi alasiri tulikusanyika kwenye darasa la shule moja Njoro, tukajibana kwenye madawati ya watoto, tukahutubiana.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Gidioni, mstaafu wa Machame aliyeipenda tai yake kuliko chakula. Sheria zake zilikuwa chache. Unasema dakika saba, kengele inalia, halafu mkosoaji anasimama kueleza ulichofanya vizuri na ulichoboronga. "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," alituambia kila wiki, mpaka tukawa tunamalizia naye.

Mama Primus aliuza mitumba soko la Memorial. Huko alikuwa anaweza kubishana na mteja hadi mteja akaomba radhi, lakini mbele ya wanaume waliokaa wakimsikiliza alikuwa anakauka. Siku yake ya kwanza alisimama, akashika kitambaa cha kichwani, akakaa. Nilimuuliza kwa nini anajitesa.

"Nina neno moja, mwanangu, la kumwambia ndugu yangu," akanijibu. "Kila nikienda kulisema linanikwama hapa." Akajigusa kooni.

Neno lenyewe lilimhusu Primus, mtoto wake wa pekee. Alikuwa amerudi kutoka Dar amekwisha, anaumwa ule ugonjwa ambao siku hizo tuliuita kila jina isipokuwa jina lake. Walikuwa wanaishi kwenye chumba cha kupanga, na Primus alikuwa ameshaacha kuomba dawa. Alichoomba ni kupelekwa Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha babu yake, alale kwenye ile nyumba iliyozungukwa na migomba, na siku ikifika azikwe pale walipozikwa babu na bibi. Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwetu sisi, kuzikwa makaburi ya mjini ni kuambiwa kwamba hukutoka popote.

Lakini kihamba kilikuwa mikononi mwa Sylvanus, mdogo wake Mama Primus na kitinda mimba wa familia, kwa maana mila yetu humwachia mtoto wa mwisho wa kiume nyumba ya baba. Mama Primus ndiye aliyembeba mgongoni huyo Sylvanus. Primus naye alizaliwa palepale nyumbani, na mwanamume aliyemzaa hakuleta hata kibuyu kimoja cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kumtambua. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa ukoo wa mama yake, au hakuwa na ukoo, kutegemea umemuuliza nani. Sylvanus alikuwa ana jibu lake. Alijua kwamba kwetu kaburi ni hati: ukishamzika mtoto hapo, mama yake hang'oki. Tena dada yake aliwahi kumpeleka baraza la kata kudai kipande cha kujenga. Alishindwa, na Sylvanus hakusahau kuaibishwa.

Mama Primus alikwenda mara mbili kuomba msamaha, akakuta geti limefungwa na mbwa wamefunguliwa. Ikabaki njia moja. Mchagga aliyekosewa, hata akiwa na hasira ya kuua, akiletewa jani la sale lililopigwa fundo, husamehe. Halikataliwi. Kulikataa ni kujitakia laana, wewe na watoto wako. Ila sale halijipeleki, hupelekwa na mzee. Na wazee wote wa kule juu, Mungu awasamehe, walitegemea lori la Sylvanus kushusha ndizi zao sokoni. Kila aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba anaumwa mgongo.

Ikafika Desemba, ile Desemba ya mvua za El Nino, na klabu ikaanza kupanga mkutano wa kufunga mwaka. Nchi hii huwezi kuzindua hata choo bila mgeni rasmi, na sisi hatukuwa naye. Mama Primus akanyoosha mkono.

"Chukueni ndugu yangu, Sylvanus. Ana lori, ana jina, na anapenda kukaa meza kuu."

Sylvanus alikubali siku hiyohiyo, akaahidi na ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, kwa gharama yake. Mimi peke yangu nilijua dada mtu anapanga nini.

Tulikodi ukumbi wa parokia. Tulipamba kwa karatasi za rangi na matawi ya mikrismasi, mvua ikipiga bati hadi ikabidi wasemaji wapaze sauti. Ndafu alikaa mbele, amepiga magoti, mdomoni kawekewa majani kana kwamba bado anakula. Kulikuwa na kiburu cha ndizi na maharage, kulikuwa na mbege, kulikuwa na soda za wasiokunywa, na kila mtu alikuwa amekuja na mume au mke wake kumwonyesha kwamba zile Jumamosi hazikuwa uongo. Sylvanus alikuja na suti ya kijivu, akatusalimia mmoja mmoja kwa unyenyekevu. Hakuwa na sura ya mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Martin, aliyekuwa anajiandaa kuwa MC, alizungumzia utandawazi hadi ndafu akapoa. Baada yake akaitwa Mama Primus.

Hakushika kitambaa. Alitembea hadi katikati, akageukia meza kuu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sylvanus, mdogo wangu. Nilikubeba mimi. Mama alipokwenda kuchuma kahawa za watu, ulilia mgongoni kwangu mpaka nikajifunza kulala nimesimama. Leo nina mtoto ambaye siwezi tena kumbeba."

Alisema yote. Alisema la baraza, akakiri alimkosea kumwanika mbele ya kata. Alisema Primus anaamka usiku anauliza kama migomba ya babu imeanguka kwa mvua. Alisema haombi shamba, na kama ni lazima ataapa mbele ya padre kwamba hatalima hata tuta moja. Kisha akatoa kwenye mkoba jani la sale, bichi, limepigwa fundo, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mwanamke mzima, dada mkubwa.

Sylvanus akainuka, akazunguka meza, akalipokea jani kwa mikono yote miwili na kumwinua dada yake. Vigelegele vikalipuka. Nililia bila aibu, nikamwambia jirani yangu, mambo yamekwisha, Primus anakwenda nyumbani.

Kumbe mkutano ulikuwa bado. Mwalimu Gidioni alisimama kukosoa, kwa sababu ratiba ilisema akosoe. Akasifu sauti. Akasifu machozi, kwamba yalikuja mahali pake. Akasifu matumizi ya kielelezo, yaani lile jani, akasema wengine tuige, tusije mikono mitupu. Akapunguza alama kidogo kwa kuwa msemaji alimtazama mtu mmoja tu wakati ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilimtazama yule mzee na tai yake, nikatamani ndafu aamke ampige pembe.

Mgeni rasmi akapewa nafasi. Akasema amefurahi kugundua kwamba dada yake ni msanii. Akasema hotuba ile ilimtoa jasho, na kikombe cha msemaji bora wa mwaka kisitafute mtu mwingine. Akamkabidhi. Wakapigwa picha wameshikana mikono, Mama Primus akiwa bado hajui kama anapaswa kucheka.

Mama Primus alimfuata Sylvanus kibarazani wakati watu wanakatiwa nyama. Nilikuwa karibu nao, sahani mkononi.

"Baba," akamwita, kwa heshima ya aliyekalia nyumba ya baba. "Umelipokea. Nimlete Primus lini?"

"Umlete wapi?"

"Nyumbani."

Sylvanus akapumua. "Dada, ile ilikuwa hotuba. Nimepokea hotuba, na nimekupa zawadi yako."

"Ni sale, Sylvanus. Nimelichuma mwenyewe mpakani mwa shamba la baba."

"Sale linaletwa nyumbani, asubuhi, na mzee, watu hawajatia kitu mdomoni. Haliletwi ukumbini likapewa alama. Wewe ni mkubwa kwangu, unayajua haya."

Alikuwa anayajua. Kama ndugu yake angemtukana, kama angelitupa lile jani chini, laana ingekuwa yake na dunia nzima ingeona. Lakini kwa mila Sylvanus alikuwa sahihi. Sisi, kwa makofi yetu, ndio tuliomtengenezea mlango wa kutokea.

"Mzee gani angekubali kuja kwako?" akamuuliza.

"Hilo siwezi kujua," Sylvanus akasema. "Hukumleta." Akarudi ndani, wakamkatia kidari.

Primus alifariki kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tulimzika makaburi ya mjini, kwenye tope jekundu, vijana wakichota maji kaburini kwa ndoo ili jeneza lisielee. Sylvanus alikuja. Usiseme hakuja. Alileta lori la waombolezaji, alileta jeneza zuri, na alizungumza kwa niaba ya ukoo. Alisema marehemu alikuwa mtoto wetu sote. Alizungumza vizuri sana.

Kisha Mwalimu Gidioni, ambaye nadhani alitaka kumtendea wema, akainama akamwomba Mama Primus naye aseme machache, maana klabu nzima ilikuwapo. Akainuka. Tukasubiri. Akamtazama ndugu yake, akatutazama sisi, hakumruka mtu hata mmoja. Kisha akasema, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliosimama barabarani, "Fukieni." Vijana wakashika makoleo.