Soksi ya Mama

Mama yangu amechuma majani chai huko Nyamira tangu nikiwa mgongoni mwake. Kusimama, kutwa nzima. Miguu ikamtoka mishipa minene, imejikunja kama minyoo chini ya ngozi, na mtu akimcheka pale kituo cha kupimia majani, mimi nilikuwa napigana. Kweli, napigana.

Nikampeleka hospitali, Kisii. Tukapiga laini toka asubuhi. Daktari, dada mdogo hivi, akamwangalia miguu akiwa amesimama, akasema apigwe picha ya mishipa, na kwa sasa avae soksi za kubana kabla hajashuka kitandani. Akipumzika, ainue miguu.

"Soksi?" nikamuuliza. "Tumetoka Nyamira juu ya soksi? Mama amekwambia anasikia baridi?"

"Kaka, tulia nikueleze."

"Mweleze mama yako!"

Nikamshika Mama mkono tukatoka. Alikuwa anageuka nyuma. "Tata," akaniambia, vile wamama wa kwetu huita kijana wao, "si tungemsikiza?" Hata yeye sikumsikiza.

Kuna mzee wa pembe karibu na soko la Nyakoe. Anachanja ngozi na wembe, anaweka pembe ya ng'ombe, ananyonya anachoita damu chafu. Kwetu watu wengi wameumikwa mgongo, hata mimi. Nikaona mguu ni vile vile tu, nikampeleka Mama akachanjwe. Sikujua mshipa uliovimba hivyo ukikatwa unafunguka kama mfereji.

Ulifunguka. Mzee akakimbilia majani yake ya kupaka. Mimi nikamkalisha Mama kwa kiti, mguu unaning'inia, nikabaki kuuliza damu mbona haiishi. Mwenye boda aliyetuleta ndiye alipiga kelele: "Mlaze chini! Inua mguu juu, finya na kitambaa, usiachilie!" Tukafanya hivyo, ikapungua.

Hakufa. Lakini pale palipokatwa pakawa kidonda, na kidonda hakijapona. Mwaka wa pili huu. Kila asubuhi nafungua bandeji, Mama anaangalia ukuta. Majani chai yetu anachuma mtu mwingine.

Siku tuliporudi hospitali tulimkuta yule yule dada. Akauliza nani alimkata. Nikainama, nikaanza kumvua Mama kiatu.

"Nilijipeleka mwenyewe," Mama akasema. "Huyu alinikataza sana."

Daktari akaniangalia, akaandika. Mimi nikabaki pale nimeshika kiatu cha Mama.