Tulipomngoja Papa Diski Ikijaa

Kazi yangu ni kuchunga mashine ambazo sijawahi kuziona. Ziko ng'ambo, kwenye jumba la watu wengine, nasi tunazikodi na kuziangalia kutoka ofisini kwetu hapa Lubumbashi, ghorofani juu ya duka la dawa. Wenyewe wanaziita wingu. Mama yangu alipoelezwa hivyo alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe weye unatumikaka juu mu mbingu," alisema, "na bado unarudiaka ku nyumba na njala!"

Nilipoajiriwa tulikuwa watano, na mteja mmoja wa maana: mama mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori yanayopeleka bidhaa Kasomeno na Mokambo. Programu yetu iliwaonyesha makarani wake kila mzigo ni wa nani na unashushwa wapi. Ilikuwa imelala, yaani imezimika yenyewe, mara mbili, na mara zote mbili sukari ya mtu wa Kasomeno ilishushwa kwa mtu mwingine kabisa. Baada ya mara ya pili alipanda ngazi zetu mwenyewe, akakataa kiti.

"Napatia ninyi mwezi moja," alisema. "Ikilala tena, narudia ku cahier yangu ya karatasi. Cahier hailalake."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Bila yeye ofisi ingefungwa, na mimi niliyeingia wa mwisho ningetoka wa kwanza. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, hata nilikuwa naitazama michoro ya mashine zile kwenye simu nikiwa nasubiri chakula kiive.

Sasa niseme ugonjwa wetu. Mkubwa wa ofisi sote tulimwita Papa, yaani baba. Alianzia kwenye simu za nyaya, akajifunza haya mambo mapya uzeeni, kisha akatufundisha sisi. Kengele ya hatari ilipoingia kwenye kundi letu la simu, hakuna aliyegusa seva, yaani mashine zile, mpaka Papa aseme nani ashike. Ulimsalimia kwanza, ukamuuliza ameamkaje, ndipo ukangoja. Kumtangulia Papa ilikuwa kama kujipakulia chakula kabla ya baba mkwe. Na kwa kuwa yeye hujibu upesi, desturi hiyo haikuwa imemdhuru mtu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nafua nguo uani. Simu ikalia. Diski ya seva ya malori ilikuwa imejaa asilimia themanini na tano. Nikafuta povu mikononi, nikafungua kundi.

"Bonjour Papa," aliandika wa kwanza.

"Bonjour Papa, umeamuka muzuri?" aliandika wa pili.

"Bonjour Papa, diski iko najaa. Tuko nangoya neno yako," aliandika wa tatu, mhasibu wa maneno, asiyepoteza hata moja.

Na mimi, naona haya kulisema, niliandika: "Bonjour Papa."

Papa hakujibu. Siku hiyo alikuwa msemaji wa familia kwenye mahari ya mpwa wake, na msemaji wa familia hashiki simu mbele ya wakwe. Wote tulilijua hilo. Wote tulikuwa tumempongeza Ijumaa! Bado tukakaa tunamngoja, watu wazima wanne wenye diploma, tukiitazama namba inapanda. Tisini. Tisini na tatu.

"Subira huvuta heri," aliandika wa tatu.

Hapo hasira zikanipanda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikasema peke yangu mbele ya beseni, na diski ikijaa kabisa programu haitaandika tena mzigo wa mtu yeyote. Nikafungua kompyuta juu ya kiti cha plastiki na kuandika kwenye kundi: "Ninaishika mimi."

Chanzo nilikiona mara moja. Ijumaa mmoja wetu alikuwa ameiamuru programu iandike kila inachofanya, hata kikohozi, ili atafute kosa dogo. Kisha akaenda zake bila kuirudisha. Faili moja ilikuwa imevimba na kula nafasi yote. Nikaondoa amri ile, nikafuta faili, nikashusha pumzi.

Namba haikushuka. Tisini na saba.

Nilibaki nimetoa macho. Halafu nikakumbuka somo la Papa mwenyewe: faili ikiwa bado imeshikwa na programu, ukiifuta jina linaondoka lakini nafasi inabaki. Ili programu iiachie, lazima uizime na kuiwasha upya. Yaani ile mara ya tatu tuliyokuwa tunaiogopa, ningeileta mimi kwa kidole changu, mbele ya wenzangu niliokwisha kuwavunjia adabu. Niliogopa kweli kweli.

Nikatazama malori kwenye programu. Kasomeno hapakuwa na kitu. Mokambo karani alikuwa anapokea mizigo, mmoja baada ya mwingine. Nikamngoja huyo, maana yeye alistahili kungojwa. Alipomaliza mzigo wa mwisho nikazima, nikawasha. Nilihesabu kwa sauti hadi arobaini, jirani akachungulia juu ya ukuta kuona nahesabu nini. Programu ikaamka. Diski ikashuka hadi thelathini na mbili. Niliruka, nikamwaga beseni lote.

Jumatatu Papa alitukusanya, akavaa miwani, akasoma kundi zima kwa sauti, salamu moja moja, taratibu kama anasoma tangazo la ndoa. Nilitazama viatu vyangu.

"Bonjour ine," alisema mwishoni, akiinua vidole vinne. "Mashine iko nakufa, banapatia miye bonjour ine!" Kisha akanigeukia. "Weye, ulizima bila kuuliza muntu?"

"Ndiyo, Papa."

"Sasa njo vile tutafanya. Mwenye kuona wa kwanza, anashika. Salamu mutaniletea kisha, na zitakuwa tamu zaidi."

Yule wa "subira huvuta heri" alininunia wiki nzima. Nilimwacha anune.

Mwezi ulipokwisha, yule mama alipanda ngazi tena. Safari hii alikaa. Alinywa soda yake polepole, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimeuliza makarani bangu bote," alisema. "Banasema mwezi huu mujima hamukufanya kitu. Hakuna hata moja mwenye alisikia jina yenu."

Papa alinitazama, akashindwa kuzuia kicheko.

"Ni muzuri," yule mama akamalizia. "Muendelee vile vile."