Mashine Iliyosema kwa Sauti ya Mama

Kwa muda wa miaka miwili hivi, kila Alhamisi ikifika saa kumi alasiri nilikuwa nafunika cherehani yangu, hata kama mteja amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Wateja wangu wa Kyela mjini walishanizoea. Chumba changu cha ushonaji kinachangia ukuta na duka la vitambaa la mama mmoja ambaye babu yake alitoka Kilwa kufanya biashara ya nguo, akaoa huku, hakurudi tena. Mama huyo alikuwa na televisheni kubwa dukani, na ndiye aliyeanza kufuatilia tamthilia ya watu wanaosafiri kwenda kuishi kwenye sayari nyingine, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwanzoni nilisikia milio yake kupitia ukutani nikadhani ni taarifa za vita. Wiki ya tatu nilikwenda kuuliza ni vita gani hiyo isiyoisha. Nikapewa kigoda, na tangu siku hiyo sikukosa.

Tulikuwa wanne. Mwenye duka, mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye hakuvumilia kosa la kisayansi kupita bila kulisema, na mama mmoja mkulima wa Bujonde. Huyu wa mwisho alikuja mjini kila Alhamisi na mchele wake, akishauza anapumzika kwetu mpaka gari la kurudi lipatikane. Hakukubali hata kidogo kwamba watu wanaweza kukaa angani miaka ishirini bila shamba. "Wanakula nini?" aliuliza kila wiki, na kila wiki mwalimu alimweleza.

Kipande kilichotugombanisha kilikuwa cha binti aliyelelewa na mashine. Mama yake, fundi wa injini, alifia nje ya chombo akiziba tundu, binti akiwa na miaka sita. Kabla ya kukata roho aliiamuru mashine iliyokuwa ikimlea mtoto: usimwambie mpaka awe na nguvu za kusikia. Mashine ilikuwa imehifadhi sauti ya mama, ikawa inazungumza na mtoto kwa sauti hiyohiyo kila jioni. Ilimwambia kwamba mama yuko upande wa pili wa chombo, nyuma ya milango isiyofunguka mpaka safari iishe. Ilimwimbia, ikamkaripia, ikamuuliza habari za masomo. Ikawa hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka siku binti alipokuta jina la mama yake kwenye orodha ya marehemu. Nahodha akamwambia kwamba uamuzi ni wake, akitaka sauti ile ifutwe, itafutwa. Binti akaweka kidole kwenye kitufe, na kipande kikaishia hapo. Likaja tangazo la sabuni.

Mwenye duka alipunguza sauti ya televisheni.

"Ifutwe," mwalimu alisema. "Lakini isilaumiwe. Mashine haina dhamiri. Imeamriwa, imetii. Mwenye kosa ni mama."

"Mama amekufa, mwalimu. Marehemu hasemwi vibaya."

"Hata marehemu wa kwenye televisheni?"

"Hata huyo," mwenye duka alisema. "Mimi naona mashine haikukosea mwanzoni. Mtoto wa miaka sita utamwambia nini? Kosa limekuja baadaye. Iliambiwa mpaka apate nguvu, na nguvu alishazipata zamani. Yenyewe ndiyo ilinogewa."

"Mashine hainogewi!"

"Hii ilinogewa. Hukuisikia ilivyokuwa inaimba?"

Nikadakia. Nilisema mashine haina kosa lolote, mwanzo wala mwisho. Nilisema imemlinda mtoto, imempa usingizi miaka kumi na mmoja, na wanaoilaumu ni watu ambao hawajawahi kuachiwa mzigo wa habari mbaya wakiwa peke yao. Niliongea kwa ukali nikiwa nimesimama. Mwalimu alivua miwani akanitazama.

Mama wa Bujonde, ambaye kwa kawaida alishughulika na chakula cha wale wasafiri tu, ndiye aliyefuata kusema. "Mimi simwonei huruma binti peke yake," alisema. "Namwonea huruma na huyo mama. Amekufa, na mtoto wake wa kumzaa hajamlilia. Miaka kumi na mmoja mtu amekufa hajaliliwa, kwa sababu kuna kitu kinaigiza kwamba yupo. Kwetu hilo lingekuwa jambo baya sana."

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali nje ndani.

Wenzangu hawakujua kwamba nilikuwa nafanya kazi ya ile mashine.

Mama yangu ni mwenyeji wa Ikombe, kule ziwani ambako wanawake wanafinyanga vyungu. Kaka yake, mjomba wangu, alikwenda Afrika Kusini nikiwa darasa la saba, akawa anapiga simu nyumbani kila Jumapili. Huyo ndiye niliyerithi sauti yake. Tangu nilipobalehe, nikipiga hodi Ikombe, watu walikuwa wanaitika jina lake. Miaka mitatu kabla ya Alhamisi ile, rafiki yake aliyekuwa akiishi naye alimpigia mama kumweleza kwamba mjomba ameugua siku nne na amefariki, na kwamba hawakuwa na njia ya kumleta, wamemzika hukohuko. Wiki hiyo Bibi, mama yao, alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, hata uji haupiti. Mama na mama mdogo walishauriana wakaamua wangoje apone. Jumapili ikafika, Bibi akaanza kuuliza kwa nini mwanawe hajapiga.

Mama alinivuta nje ya wodi. "Wewe una sauti yake," alisema. "Mara moja tu. Mwambie yuko kazini, mwambie apone."

Nilisimama nyuma ya jengo, karibu na kamba za kuanikia mashuka, nikapiga simu ya mama mdogo aliyekuwa ameketi kitandani pa Bibi. Nikamwita Bibi "Mama" kwa Kikisi, lugha ya kwao Ikombe. Akacheka. Mama mdogo alisema kwamba jioni hiyo alikunywa uji kikombe kizima.

Bibi alipona, akarudi Ikombe. Kumwambia hakukufanyika. Kwanza tulisema apate nguvu, kisha mvua zipite, kisha ikawa hakuna anayelitaja jambo hilo. Kila Jumapili baada ya ibada mama mdogo alimpandisha kwenye mwamba mmoja ambapo mtandao unashika, nami nikapiga kutoka chumbani kwangu Kyela. Mwezi wa kwanza niliandika kwanza kwenye karatasi nitakachosema. Baadaye nilizoea, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko mengine. Nilimpa mjomba kazi kwenye kiwanda cha mikate. Nikampa chumba chenye dirisha linaloelekea reli. Bibi alipokuwa akinung'unika kwamba mwanawe anazeeka bila mke, nikampa mchumba, mwanamke mpole, mshonaji kama mimi, anayependa samaki. Nilikuwa nafurahia kumbuni. Mwenye duka alitumia neno lenyewe hasa: nilinogewa.

Jumapili iliyofuata ule mjadala nilipiga simu kama kawaida. Bibi alikuwa na furaha. Alisema amemaliza chungu kikubwa cha mapishi, amekipamba kwa udongo mweupe mabegani, ni cha mkwe wake, na kwamba amekataa kukiuza sokoni Matema. "Mnakuja mwezi gani?" aliuliza. "Nimeshakichoma, nakitunza ndani mpaka mje."

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Nilikwenda kwa mama jioni hiyohiyo. Alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia nataka tumwambie Bibi.

"Utamuua."

"Mama, amefinyanga chungu cha mtu ambaye hayupo."

"Basi mwachanishe na huyo mchumba. Sema wamegombana."

Nilimtazama mama yangu, mzee wa kanisa, akinitungia uongo mpya huku mikono yake inaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alipoona ninavyomtazama, aliacha. Akaweka ungo chini, akalia kwa sauti. Miaka mitatu alikuwa hajamlilia kaka yake hadharani, maana angeulizwa analia nini.

Jumatatu nilimweleza mwenye duka. Alinisikiliza huku akikunja kanga mezani.

"Kumbe Alhamisi ulikuwa unajitetea," alisema.

"Ndiyo."

"Mwanangu, uongo wa kumtuliza mgonjwa una siku zake, kama dawa. Siku zikipita unakuwa sumu. Nenda. Lakini usiende peke yako, na usimwambie kwa simu. Simu ndiyo iliyomdanganya."

Alhamisi asubuhi mimi na mama tulipanda mtumbwi Matema. Hakuna barabara ya gari kufika Ikombe. Mlima umeshuka mpaka majini. Tulimkuta Bibi nje, anasugua chungu kibichi kwa jiwe. Alinyanyua uso, akaona mama amekuja siku ambayo huwa haji, akaweka jiwe chini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mama alinigeukia. Nilipiga magoti nikasema ni mjomba. Bibi akasema haiwezekani, amezungumza naye Jumapili.

"Ulizungumza na mimi, Bibi."

Hakuelewa. Nikarudia, na nilipoona bado haelewi, ikanibidi niseme maneno machache kwa ile sauti, nikamwita "Mama" kama nilivyokuwa nikimwita kwenye simu. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Alirudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mkwe wangu?"

"Hayupo, Bibi. Hakuwahi kuwepo."

Hapo ndipo alipolia. Watu wawili walimfia siku moja, na mmoja wao nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe. Wanawake wa jirani walisikia kilio wakaja wanakimbia, wakaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Mpaka jua linazama uwanja ulikuwa umejaa. Tulikaa msiba siku tatu kamili, kwa nyimbo na mahubiri, kana kwamba mjomba amefariki wiki hiyo. Kile chungu cha mkwe Bibi aliagiza kitolewe ndani, wakapikia ugali wa waombolezaji. Mimi nikimpelekea maji, alimwashiria mama mdogo ayapokee.

Kwa hiyo kipande kilichofuata cha tamthilia sikukiona. Niliporudi Kyela wenzangu walinipa pole, na baada ya kunywa chai wakanisimulia, ingawa kila mmoja kwa namna yake. Binti hakuifuta sauti. Aliiamuru mashine izungumze naye kwa sauti yake yenyewe, ya chuma, na ile ya mama ikafungiwa asiisikie tena mpaka atakapotaka mwenyewe. Mwalimu aliona ni uamuzi dhaifu, wa watunzi waliotaka tamthilia iendelee. Mwenye duka aliona ni sawasawa. Mama wa Bujonde alikuwa amekasirika kwa sababu hata baada ya hayo yote hawakumfanyia mama yule ibada ya mazishi. "Ndaga fijo, nimeona vya kutosha," alisema kwa shukrani za Kinyakyusa, akaapa haangalii tena. Wiki iliyofuata alikuwepo.

Waliniuliza mimi nasemaje. Nilisema mashine ilikosea, na kwamba ningekuwa mahali pake, siku ya kwanza ningefanya vilevile. Mwalimu alisema hayo mawili hayakai pamoja. Nilimwambia najua.

Miezi miwili baadaye mama mdogo alituma habari kwamba Bibi ananiita. Nilikwenda Jumamosi. Hakuniuliza hali. Alisema anataka kuzungumza na yule rafiki aliyemzika mwanawe, na kwamba mimi ndiye nitakayempigia na kutafsiri, kwa kuwa yule bwana ni mtu wa Njisi, kule mpakani, na Kikisi hajui, wala Kiswahili cha Bibi hakitoshi. Tulipanda kwenye mwamba, mimi, yeye na mama mdogo. Nilimpata yule rafiki akiwa mapumzikoni kazini. Akasogea mahali penye utulivu.

Bibi alikuwa na maswali yamepangwa. Alikufa saa ngapi? Alikuwa anaita nani? Nani alimwosha? Waliimba wimbo gani, na kwa lugha gani? Kulikuwa na mvua? Yule bwana alijibu moja moja bila haraka, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki. Nilitafsiri kwa sauti ya chini, bila kuongeza wala kupunguza. Alipoambiwa kwamba siku ya mwisho mjomba aliomba apewe samaki na samaki hawakupatikana, mama mdogo alinigusa bega niliruke hilo. Nililisema. Bibi alitikisa kichwa, akaniambia niendelee.

Mwishoni alimshukuru yule bwana mara tatu, akamwita mwanawe.

Siku hizi sipigi simu Ikombe. Bibi alikataza. Alisema mwenye shida naye aje amkabili uso kwa uso, kwa hiyo nakwenda kila baada ya mwezi mmoja au miwili, kulingana na kazi na ziwa. Ananipa chakula, ananipa vyungu vya kumpelekea mama. Salamu yangu anaitikia. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami nilimwomba mara moja tu, siku ya tatu ya msiba, sijarudia.