Mapigo ya Mama Telesia

Kosa langu la kwanza katika kazi ya huduma ya kwanza vijijini lilikuwa hili: nilihesabu mapigo ya moyo ya mtu kabla sijamsalimia. Ulikuwa msimu wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilifika Ilemba na daftari, nikamshika mkono Mama Telesia, nikaandika: moyo mgonjwa, asilime. Miezi miwili baadaye nikasikia hatoki kitandani. Anasubiri kufa.

Alfajiri niliondoka Kasense, nilikokuwa nikiishi. Sikumuaga mtu, sikuwa na wa kumuaga. Ndugu zangu wako Mbeya, na mwenzangu pekee alikuwa kitabu cha fiziolojia kisicho na jalada, nilichojisomea kila ukurasa mara kumi kwa kuogopa kukosea. Ndicho kilichonishtaki. Kilisema mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Ikifika kwenye seli za msuli wa moyo, milango midogo ya seli hizo hufunguka zaidi, ioni za kalsiamu huingia kwa wingi, na moyo hudunda kwa nguvu. Kisha pampu za seli huharakisha kuziondoa, msuli ulegee upesi, upige tena. Moyo huo hauumwi. Unaogopa. Na mwaka ule, nani hakumwogopa mgeni mwenye daftari, asije akawa anaandika majina ya wa kuhamishwa?

Saa nne, Sumbawanga mjini, nilipata lori. Nilikaa nyuma peke yangu juu ya magunia matupu. Tulipoteremka kuelekea bonde la Rukwa, baridi ya nyanda za juu za Ufipa ilikatika, nami kila kona nilirudia maneno ya kuomba radhi.

Alasiri, Ilemba, Baba Telesia alinikuta mlangoni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umekuja kuzika?”

Nikaingia ndani. Niliketi kando ya kitanda, nikamwamkia mama, nikauliza habari za watoto, za ulezi, za mvua. Tukala ugali. Ndipo nikaomba mkono. Mapigo yalikuwa taratibu.

“Nilikosea, mama. Siku ile ulikuwa na hofu, si ugonjwa.”

Akanitazama sana. “Hebu lete wako.” Akanishika kifundo cha mkono, akatulia, kisha akaita: “Baba Telesia! Moyo wa huyu unakimbia kama mbuzi aliyeona fisi. Mwandikie naye asilime!”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama akashusha miguu sakafuni, akasimama, akaenda mlangoni kutazama shamba. Lilikuwa magugu matupu, miezi miwili bila jembe. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nilipanda mlima kwa miguu kurudi Kasense, peke yangu, moyo ukinidunda.

Kitabu bado nakisoma peke yangu. Ila sasa nasalimia kwanza, nakaa, na daftari nalifungua mwisho.