Viatu vya Kulwa na Doto

Fundi Doto Selemani wa Gongoni, pale Tabora, alikuwa mbishi, tena mbishi wa kukera. Nasema hivi mimi Dionis, rafiki yake, niliyekwenda kumzika juzi na mpaka sasa sijui lori langu nitampelekea nani. Namlilia, na bado namkasirikia. Ndivyo nilivyo.

Kwetu Unyamwezini mapacha hawahangaikiwi majina. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, basi. Ukimnunulia Kulwa shati, Doto naye apate lile lile, la kitambaa kile kile. Doto alilelewa hivyo, na alipojifunza ufundi wa magari kwa Kalasinga mmoja karibu na stesheni, akaipeleka desturi hiyo kwenye breki.

Mteja akifika, Doto hufungua gurudumu, akaivua ngoma, kile chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani kuna viatu viwili vilivyopinda, kila kimoja na soli yake ngumu. "Ukikanyaga pedeli," atakwambia, "mafuta yanasukumwa kwenye bomba, yanavitanua hivi viatu, navyo vinaibana ngoma kwa ndani. Ukiachia, springi inavirudisha." Halafu anakuja kwenye yake: "Gurudumu la kushoto ni Kulwa, la kulia ni Doto. Ukimvisha mmoja viatu vipya, mvishe na mwenzake, upana ule ule, unene ule ule. Vinginevyo mwenye vipya atakamata kwanza, na gari litakuvuta upande wake."

Watu walimcheka. Mimi sikuwa na la kucheka, kwa sababu nilimjua Kulwa.

Kulwa, pacha wake, alikuwa dereva kama mimi. Wakati wa vita spea zilikuwa adimu, na viatu vya mbele vya lori lake vilipolika, Doto alipata vya gurudumu moja tu. Akasita. Kulwa akamwambia, "Nivishe hivyo kushoto. Vya kulia nitavaa nikirudi." Kulwa ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akishasema, Doto hana la kujibu. Akamvisha.

Kati ya Tabora na Urambo, kwenye njia ile ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, kuna mteremko unaoishia kwenye daraja la magogo. Ng'ombe wakakatiza mbele, Kulwa akakanyaga breki, lori likavuta kushoto likatumbukia mtoni. Tulimtoa amekwisha kufa. Viatu vya kulia vilifika baada ya mazishi. Doto akavitundika ukutani mwa gereji, na lile lori bovu akaliburuta mpaka uani. Ole wako uliguse.

Miaka ikapita. Asubuhi moja niko Tabora, nimeshusha tumbaku, breki yangu ya mbele kushoto imenguruma njia nzima chuma kwa chuma. Ikanifikia habari kutoka stesheni ya Urambo: mke wangu Eustadia ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, mkunga anasema apelekwe hospitali ya Tabora bila kuchelewa. Treni ilikuwa imekwisha pita. Nikakimbilia kwa Doto.

Akaivua ngoma. Soli ilikuwa imebanduka. Kulia, viatu vilikuwa vimelika lakini vinafaa. Nikatazama ukutani. Lori langu lilikuwa la aina moja na la Kulwa.

"Hivyo hapo," nikamwambia. "Nivishe kushoto niondoke."

"Hapana."

"Doto, mke wangu anakufa."

"Nimesikia. Vile vina wenzao."

Hapo nilimtukana. Nilimwita mchawi, nikamwambia anathamini vyuma kuliko watu. Aliutazama ukuta, kisha akachukua jeki na spana, akaenda uani.

Nilimfuata. Alipiga goti mbele ya lori la Kulwa, akafungua gurudumu la kushoto. Ngoma iliganda kwa kutu, akawa anaigonga taratibu kwa nyundo, jasho na machozi vikimchuruzika pamoja. Ilipotoka, viatu alivyovifunga kwa mikono yake vilikuwa vizima. Soli hazikuwa zimelika hata kidogo. Kulwa hakuvikanyagia sana.

Akavisugua kwa msasa, akavipima na vile vya ukutani. Vya Kulwa akavifunga kushoto, vya ukutani kulia. Akatoa hewa kwenye mafuta, akarekebisha mpaka magurudumu yote mawili yakazunguka kwa uzito mmoja. Kisha akapanda akakaa pembeni yangu. Tangu msiba ule hakuwahi kuipita njia ile.

Kule Urambo tulimpakia Eustadia nyuma juu ya magodoro, mkunga akimshika kichwa. Wakati wa kurudi, kwenye ule mteremko, mbuzi wakatokea darajani. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Lori likapunguza mwendo, likasimama katikati ya njia, limenyooka.

Nikamgeukia Doto. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anautazama mto.

"Hivi ndivyo lingesimama," akasema.

Nyuma Eustadia alipiga ukelele, nikatia gea tukaondoka.

Imakulata alizaliwa hospitali jioni ile, na mama yake yuko hai mpaka leo. Viatu vile nilitembelea muda mrefu. Vilipokwisha, Doto alivivua vyote, akavilaza mezani akavipima. Vililika sawasawa. Akaviomba, nikampa.

Juzi tumemlaza Gongoni, kando ya Kulwa.