Tundu Kwenye Sweta la Kijani

Wasomaji, mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe, na herufi nyingine najua nimezikosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Lakini kusema mbele ya watu siwezi kabisa, kwa hiyo bora niandike.

Nataka kueleza habari ya sweta la mama. Ni la kijani, lina vifungo vinne, na viwili havifanani na wenzake. Alilifuma bibi aliyemzaa mama, huko kwao Butiama, miaka ile dukani kulipokuwa hakuna kitu na watu wakipanga foleni ya kipande cha sabuni. Uzi wa kufumia haukuonekana hata Musoma mjini. Bibi alifumua masweta mawili makuukuu, akaosha nyuzi, akazianika zikiwa zimening'inizwa jiwe ili zinyooke. Akafuma upya kwa spoki za baiskeli alizozisugua kwenye mwamba mpaka zikawa na ncha. Alipomaliza hakukaa hata mwezi, akafariki. Mama hana picha ya mama yake. Ana sweta hilo.

Alilivaa kanisani, na siku akiwa na homa. Baada ya biashara kufunguliwa, mitumba ilijaa Bunda, ukiinama kwenye lundo unaibuka na sweta la rangi uitakayo. Mama alikuwa akipita tu.

Sisi tunakaa kijiji cha ufukweni, upande wa Suguti. Mwaka jana shangazi yangu wa Guta aliniita nikamsaidie kuchuma pamba. Asubuhi ya kuondoka, mama alinitazama nikiwa na gauni jepesi, akaingia ndani, akatoka na sweta.

"Juu ya lori kuna baridi. Vaa. Lakini urudi nalo kama lilivyo."

Hakuwahi kuniazima. Kule Guta nililikunja kwenye mfuko wiki nzima, nikalivaa tena siku ya kurudi. Niliporuka kutoka kwenye lori, msumari wa ubao ukalishika ubavuni. Nikasikia uzi ukikatika. Tundu lilikuwa la kuingia kidole gumba.

Mama alikuwa shambani. Nilikaa nyuma ya nyumba nimelikumbatia, baba akanikuta. Baba ni mvuvi, na huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, umeficha nini hapo?"

"Hakuna, baba."

"Hiyo hakuna yako mbona ina mikono miwili?"

Nikamwonyesha. Akalitazama tundu, akacheka kwa faraja.

"Ndiyo unalilia hili? Mimi naziba nyavu tangu sijamwoa mama yako. Kiboko amepita, nimeziba. Mamba amepita, nimeziba. Lete hapa, kabla hajarudi."

Kwetu, mtu hazibi wavu kabla ya kulisafisha tundu. Macho ya wavu yaliyochanika hukatwa yote kwanza, mpaka zibaki kingo zenye mafundo mazima, ndipo unaanza kufunga. Baba akafanya hivyo hivyo. Akachukua wembe, akakata taratibu kulizunguka tundu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mimi nilimwangalia nikiamini.

Lakini wavu una fundo kila jicho. Sweta halina fundo hata moja, kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake tu. Baba alipolivuta kidogo ili lilale sawa, vitanzi vikaanza kuachiana, kimoja baada ya kingine, kuelekea chini.

"Linatembea!" baba akasema. "Shika! Shika huko chini!"

Nikabana kwa vidole kama nimeshika kifaranga. Tundu lilikuwa limefika ukubwa wa kiganja. Baba hakucheka tena. Akachukua uzi mweupe wa wavu, akafunga fundo juu ya fundo mpaka pakafungika. Pakawa pagumu, peupe, kama magamba ya sato.

Mama alirudi na kuni kichwani. Kabla hajazitua, baba akasema, "Ni mimi. Nilikuta uzi umening'inia, nikaukata."

"Wewe na sweta wapi na wapi?"

Ningeweza kunyamaza, ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini niliona baba anavyoficha wembe mgongoni.

"Ni mimi, mama. Ni msumari wa lori. Baba alikuwa ananisaidia."

Mama hakugomba. Alikaa kizingitini akapitisha kidole gumba juu ya mafundo, mara nyingi. "Mama yangu hakuwa na mkono mgumu hivi," akasema. Akalikunja, akaliweka chini kabisa kwenye sanduku. Jumapili kulikuwa na manyunyu, akaenda kanisani akitetemeka bila sweta. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Jumatatu nikamwomba nilipeleke kwa bibi mdogo, mdogo wake bibi, ambaye bado yuko Butiama.

"Wewe? Hata hodi kwa jirani hupigi."

"Nitapiga."

Nilipiga, ila kwa sauti ndogo, nikasimama mlangoni mpaka kuku wakanizoea. Bibi mdogo akatoka.

"Mke mwenza! Umekuja kuninyang'anya mume?" Halafu akalikunjua sweta. "Ee! Na huyu mkwe wetu alivua samaki gani humu?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akalipapasa ukingoni, na kicheko kikaisha. "Dada alikuwaga anakaza sana hapa. Nilikuwaga namwambia."

Tulifungua mafundo ya baba moja moja. Vitanzi vyote vilivyobaki wazi akavivisha spoki, visikimbie tena. Nilimwuliza tutapata wapi uzi wa kijani kile. Akageuza pindo la chini la sweta.

"Mgonjwa atibiwe kwa damu yake."

Akafumua pindo, upana wa vidole viwili, akalifunga upya. Uzi aliopata akanitilia mimi kwenye sindano.

"Macho yangu yamechoka. Utashona wewe."

"Nitaliharibu, bibi."

"Lilishaharibiwa na fundi. Shona."

Akanionyesha njia. Sindano inaingia kwenye kitanzi cha chini, inapanda, inazunguka shingo ya kitanzi cha juu, inarudi pale ilipotoka. Nikivuta, ananipiga kidogo mkononi. "Usikaze. Mwachie nafasi ya kupumua." Siku mbili nilishona mistari kumi na minne. Bibi mdogo alikaa karibu yangu akichambua mchicha, hakunisemesha, na mimi sikuona haya.

Niliporudi, mama alilivaa pale pale uani. Lilikuwa limekuwa fupi, likaishia kiunoni. Akapitisha kidole ubavuni polepole, akasimama.

"Ni hapa."

"Ndiyo, mama."

"Pako kama kovu la chanjo." Akafunga vifungo vyote vinne, ingawa jua lilikuwa kali. Baba alikuwa mbali, anajifanya ana kazi na nyavu. Mama akamwita, "Wewe, njoo uone kazi ya mwanao. Na wembe uuache huko huko!" Kisha akachukua ndoo, akaenda ziwani akiwa amelivaa, na njiani nikasikia anawasalimia watu kwa sauti kubwa.

Sasa viwiko vya sweta vimeanza kuwa vyembamba. Havijatoboka, lakini ukiinua mkono unaona mwanga. Pindo siwezi kulifumua tena, sweta litabaki kuwa sidiria. Ninyi mnaosoma, kama kuna anayejua namna ya kuimarisha kiwiko kabla hakijafumuka, au ana uzi wa kijani cha majani ya muhogo, naomba aniandikie. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu, andika tu. Nitausoma polepole, na nitajibu.