Betri ya Bwana Salim

Nakisimulia mwenyewe kisa hiki, maana huko Bondeni kimeshatiwa chumvi. Mimi ni karani wa Bwana Salim, anayewatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Ofisi iko chini, naye anaishi ghorofani. Betri ya laptopu yake ilipokufa, alinunua ya kampuni nyingine. Nilimkera wiki nzima: "Bwana, betri hiyo si ya mashine hii. Italipuka. Itoe!" Yeye akicheka tu.

Jumatatu alishuka na mkoba wa laptopu, akauweka mezani, akatoka kumlaki mteja. Nikafungua zipu niikague ile betri. Moshi ukanipanda usoni!

Nilikuwa na mafua, sikunusa kitu. Lakini moshi niliuona, na juu yupo Bi Zuhura, mkewe, na watoto. Nikajiapiza kwamba nyumba hii haiungui nami nikiwapo. Nikaubeba mkoba mbio hadi uani, nikauzamisha katika pipa la maji, nikaukandamiza kwa mikono miwili mpaka mapovu yakaisha.

Bwana Salim akarudi na mteja, akanikuta nimelowa hadi kifuani.

"Betri ilishika moto, Bwana! Mkoba ulijaa moshi! Nimeizima!"

Akautazama mkoba unavyotiririka maji. "Juma, mwanangu, huo ulikuwa moshi wa udi. Bi Zuhura kaufukiza mkoba sasa hivi, pamoja na kanzu yangu."

"Na betri?"

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akaitoa, kavu kabisa.

"Nairudisha dukani," akasema. "Si wewe uliyenambia niitoe?"